Mwaka wa Kuimba Herufi

Kabla ya yote nawaomba radhi kwa mwandiko huu, na kwa maneno ambayo nitakuwa nimeyaandika vibaya. Mkono wangu umezoea kukanda unga kuliko kushika kalamu, na shule yangu iliishia darasa la nane. Ninaandika polepole, hapa hotelini Kebirigo, wateja wa chai ya saa nne wakishaondoka na wale wa chakula cha mchana wakiwa hawajafika. Pembeni mwa karatasi kuna mafuta ya chapati, mtayaona. Mkikuta neno limepinda, lisomeni hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa haya tangu nizaliwe. Nikiitwa mbele ya watu sauti hunikauka. Lakini wiki hii nina hasira kuliko haya, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Wiki iliyopita ilifanywa sherehe ya kumuaga mwalimu wetu wa darasa la nane, kule shuleni upande wa Sironga. Amestaafu. Sitamtaja jina, kwa kuwa sitaki kumpeleka mtu kwa chifu. Tulizoea kumwita Tarumbeta kwa sababu ya sauti yake, na hapa pia nitamwita hivyo. Walifunga hema mbili, wakakodi viti vya plastiki, wakachinja. Mimi niliitwa kupika chapati, na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake wa zamani, nikaambiwa nikimaliza niketi na wenzangu. Kerubo alikuwa amenishikia kiti. Ni rafiki yangu wa darasa hilo, na sasa anasomea uuguzi mjini Kisii. Wazee walimvisha Tarumbeta blanketi mabegani, wakampa kiti cha kukunja, kisha wakampa kipaza sauti, kitu ambacho hajawahi kukihitaji. Akasema, "Watoto wangu, mimi siri yangu ni moja. Waliofaulu ni wale walisoma. Walioanguka ni wale walilala." Watu wakapiga makofi. Kerubo akanishika goti na kuninong'oneza, "Usimwage soda, Nyaboke. Nguo yangu ni mpya." Nikaiweka chupa chini ya kiti. Mimi ni mmoja wa wale walilala. Basi nataka kueleza nilivyolala.

Darasa letu lilikuwa la mwisho katika mstari wa vyumba vya mabati, na madirisha yake, ambayo hayakuwa na vioo, yalitazama mashamba ya chai. Mvua ikinyesha hakuna aliyemsikia mwalimu, na hata leo nikisikia mvua kwenye mabati moyo hutulia, kama vile nimepewa ruhusa. Mwezi wa kwanza wa mwaka huo, akina mama wa Dorkasi, kile kikundi cha kusaidia wahitaji cha kanisa letu la Sabato, walisimama mbele ya watu, wakasema watamsomesha msichana mmoja sekondari, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, iwapo atapata alama mia tatu na hamsini kati ya mia tano katika mtihani wa taifa wa darasa la nane. Kisha wakataja jina langu. Nilitamani kuingia chini ya benchi. Nyumbani hakukuwa na njia nyingine ya kwenda sekondari, na kila mtu alijua. Kwa hiyo mwaka ule haukuwa mwaka wa kusoma tu. Ulikuwa mlango mmoja, na mimi nilisimama mbele yake nikiwa nimevaa sweta ya shule.

Kerubo ni Mkatoliki, mwenye mdomo, na tulikaa dawati moja. Siku moja tulikuwa tunakula githeri, mahindi na maharagwe ya shule, kwenye kibaraza, mimi nikilia kwa sababu ya mtihani wa sayansi wa wiki hiyo. Akanitazama akitafuna, halafu akasema, "Nyinyi watu wa Sabato mnakumbuka mafungu ya Biblia kama watu wanangojwa na askari. Fungu la mwaka jana unalo. Mzunguko wa damu wa jana huna. Ni kichwa kingine unatumia Jumamosi?" Nilicheka huku machozi yananitoka. Lakini swali lake lilikuwa la kweli. Kanisani kwetu watoto wana fungu la kukariri kila Sabato. Hatulisomi kutoka kwa kitabu. Kitabu kimefungwa, kiko mapajani, nawe unasimama na kulitoa kichwani. Ukisahau, mwenzako anakupa neno moja, unaendelea. Wala hulitupi baada ya hapo. Sabato inayofuata utaulizwa jipya, na ghafla utaulizwa la wiki tatu zilizopita, na ikifika Sabato ya kumi na tatu mnayasema yote mbele ya kanisa. Hata mimi, ninayekaukiwa sauti, niliweza, kwa sababu fungu lilikuwa limeshaitwa mara nyingi mpaka lilikuwa linakuja lenyewe, kama kuku anayejua saa ya mahindi.

Tukaamua sayansi nayo iwe mafungu. Jioni tulichuma chai shambani kwa nyanya yake Kerubo, na kabla ya kufunga vikapu migongoni tulisoma ukurasa mmoja. Siku ya kwanza niliusoma ule wa damu mara tatu, nikasema niko tayari. Kerubo akaufunika kwa sweta. "Haya, sema." Nikasema vitu viwili, nikakwama. Nilikasirika. "Lakini nimeusoma mara tatu!" Akasema, "Umeuangalia mara tatu. Hata ng'ombe anaangalia barabara." Tukafunua, tukaona nilichoacha, tukafunika tena. Ile aibu ya kukwama ilikuwa chungu, lakini kitu nilichokwama nacho ndicho ambacho kesho yake sikukisahau. Kesho tukaurudia kidogo, halafu tukauacha siku kadhaa, tukasoma mengine. Kisha tukiwa katikati ya chai, mikono inachuma, yeye mstari wa juu na mimi wa chini, ananirushia: "Nyaboke! Damu ikitoka mapafuni inaingia upande gani wa moyo?" Nami napiga kelele, "Kushoto!" "Na kwa nini upande huo una ukuta mnene?" Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kile cha kwa nini ndicho kilichoshika vyote vingine.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza unaweza kukibeba mdomoni siku nzima bila kukimeza. Kwa hiyo tulimweleza nyanya yake kwa lugha yetu ya Ekegusii, jikoni, akitupakulia ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu iliyochemshwa na maziwa mpaka ikalainika. Nilimweleza kwamba ugali ukitafunwa, mate huanza kuugeuza kuwa sukari. Mong'ina yule, yaani mama mzee, alisimama na mwiko mkononi. "Yaani ugali wangu unageuka sukari?" "Ndiyo, nyanya." "Ndiyo maana mmehamia kwangu." Halafu akauliza, "Na nyama je, inageuka nini?" Sikujua. Kerubo pia hakujua. Tulikimbilia kitabu mikono ikiwa bado na ugali, na mpaka leo ninajua nyama hugeuka nini tumboni na inaanzia kugeuzwa wapi, kwa sababu ya aibu ya jikoni ile. Mwisho wa muhula wa kwanza nilikuwa wa tatu darasani. Mama mmoja wa Dorkasi alinisalimia kwa mikono miwili kama mtu mzima.

Muhula wa pili Tarumbeta akachukua masomo yote ya marudio. Alikuja na bunda la mitihani ya zamani na imani moja, kwamba maswali hurudi. Kweli, maswali hurudi. Mitihani ya zamani ni kitu kizuri ukikaa nayo, ukajua kwa nini jibu hili ni sahihi na yale matatu mengine yana kosa gani. Lakini yeye hakutaka tukae nayo. Alitaka tuimbe majibu. Sio majibu yenyewe, herufi zake. Alisimama mbele na fimbo, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiingia madirishani. "Sayansi, karatasi ya kwanza! Moja?" "B!" "Mbili?" "D!" "Tatu?" "A!" Karatasi nzima, kisha nyingine, kisha tunarudi mwanzo. Mvulana mmoja jasiri, Ombati, alinyoosha mkono siku ya kwanza. "Mwalimu, kwa nini nane ni C?" Tarumbeta akamtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua ni maji. "Nane ni C kwa sababu anayesahihisha anataka C. Kaa chini." Darasa likacheka. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Na hapa hasira yangu inaruka ua, haibaki kwa mtu mmoja. Watu wazima waliokuwa wakipeleka majani ya chai kituoni kuyapima asubuhi walisimama kwenye uzio kusikiliza. Niliwasikia kwa masikio yangu, kwa sababu Tarumbeta alinikalisha dirishani. "Sikia watoto!" "Hapo kuna kusoma." "Mwaka huu ni moto." Tata yangu, yaani baba, alikuwa mmoja wao, na jioni alinisifu. Kelele ilisikika kama kazi. Hakuna hata mmoja aliyeniita kando akaniambia, haya, nieleze basi mmeimba nini. Walisikia sauti kubwa, wakaenda zao wameshiba. Tulitoka pale saa moja jioni, njaa tumboni, na chai shambani hatukuiona tena mchana. Nilisinzia na sahani mkononi. Kichwa kisicholala ni gunia lenye tundu, unatia juu linamwaga chini, lakini kulala nako kulikuwa kumefanywa kosa.

Siku niliyoitwa mlalaji, ilikuwa mchana, baada ya chakula. Tuliambiwa tusome kimya huku yeye akisahihisha. Nilifungua ukurasa wa ua la mmea, nikausoma, nikaufunga, nikafunga na macho, nikaanza kulichora lile ua kichwani, sehemu moja baada ya nyingine, midomo ikicheza bila sauti. Nilikuwa nimefika kwenye ovari niliposikia fimbo kwenye dawati. "Nyaboke. Tukuletee kitanda?" Darasa lote likaangua kicheko. "Akina mama wa kanisa wanakusomesha ukilala? Ama unaomba? Huyu anaomba, jamani, msimsumbue." Nilijua la kusema. Nilikuwa nalo lote. Sauti ikakauka. Kerubo ndiye aliyesimama. "Mwalimu, halali. Anajiuliza maswali." "Anajiuliza? Na nani anamjibu, yeye ni mganga?" "Anajijibu mwenyewe, Mwalimu. Muulize ua sasa hivi, atakuambia lote." Akaniangalia. Darasa zima likaniangalia. Kama angeniuliza, hata kwa kejeli, labda ningefungua mdomo. Hakuniuliza. Alisema, "Kitabu kikifungwa, shule imefungwa. Tokeni." Alituchapa pale nje, miguuni, tukapiga magoti juani mpaka kengele, vitabu vimefunguliwa mikononi mbele ya nyuso zetu. Vimefunguliwa! Ndicho alichotaka kuona, karatasi iliyo wazi. Kama imeingia au haijaingia, hilo halikuwa shauri lake.

Babake Kerubo aliona miguu ya mtoto wake jioni hiyo, na kesho yake akaja shuleni na maneno. Wiki ile ile akampeleka kwa shangazi yake mjini Kisii, akamalizie darasa la nane huko. Wangu hawakuja. Nilipoonyesha miguu, niliambiwa mwalimu anajua kazi yake. Nilihamishwa dawati la mbele kabisa, chini ya ubao, ili Tarumbeta auone mdomo wangu unavyoimba. Nilijaribu kuendelea peke yangu nyumbani, lakini nilifika nikiwa mzito kama mti uliolowa, na kwenye mashamba hakukuwa na wa kunirushia swali. Mtu wa haya akikosa mwenzake mwenye mdomo, hana mdomo. Basi nikaimba. Nilikuwa mwimbaji mzuri. Ningeweza kuwaimbia karatasi ya hesabu ya kwanza mpaka ya mwisho bila kujua hata hesabu moja iliyokuwa ndani yake.

Asubuhi ya sayansi katika mtihani wenyewe, niligeuza karatasi nikaona maswali yamerudi. Tarumbeta hakukosea, kadhaa yalikuwa yale yale tuliyoyaimba. Mdomo wangu ukasema C kabla jicho halijamaliza kusoma, na mkono ulikuwa tayari kuweka alama. Kisha nikaangalia ile C. Haikuwa C yetu. Waliotunga walikuwa wamehamisha majibu, lile la C likawa A, la B likawa D, na mengine walikuwa wamegeuza swali lenyewe kidogo, likauliza kinyume. Nikarudi kichwani kutafuta sababu, na huko hakukuwa na sababu, kulikuwa na wimbo. Nikijaribu kufikiri, wimbo unanipita. Nyuma yangu nikasikia Ombati akisema "Woi" polepole, kama mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho kimeondolewa. Lilipokuja swali la damu nililijibu kama kurudisha salamu. La nyama na tumbo, hivyo hivyo. La ua, hivyo hivyo, kwa kuwa lile nililolichora macho yakiwa yamefungwa halikunitoka hata kwa fimbo. Hayo ni yale tuliyoyafunika kwa sweta. Mengine yote yalikuwa yamebaki kwenye ukungu wa dirishani.

Matokeo hayakufika mia tatu na hamsini. Akina mama wa Dorkasi walikuja nyumbani, na adabu yao yote. Tuliwapikia ndizi na maharagwe. Waliomba, wakala, na mimi nikiwa jikoni nyuma ya pazia nikawasikia wakiongea kwa sauti ya chini. "Lakini mtoto alisoma, dada. Tulikuwa tunamsikia kila asubuhi." "Alisoma, ndiyo." "Basi kama alisoma hivyo na akapata hivi, ni kichwa." "Ni kichwa, dada. Kichwa ndicho hakuna. Si makosa yake." Walisema kwa huruma, na huruma ile imenikaa kifuani kuliko fimbo. Nafasi ikaenda kwa msichana wa kanisa jingine, naye Mungu ambariki. Nikaja Kebirigo kumenya viazi. Na kwa muda mrefu sana niliamini kwamba kweli kichwa ndicho hakuna. Hilo ndilo nisilosamehe. Alama ni alama, zinakuja na kupita. Lakini kumchukua mtoto aliyekwisha kupata njia yake mwenyewe, ukamtoa humo kwa fimbo, halafu akishapotea ukasema hana miguu!

Kerubo alifaulu. Alipokuja hotelini mara ya kwanza na sare yake ya uuguzi, alikula chapati tatu, akaniambia kwamba hata sasa akisoma majina ya mifupa hufunika ukurasa, husema, hufunua, huona alikokwama, na kesho kutwa hurudi pale pale alipokwama. Wenzake walimcheka mpaka walipomwomba awaulize nao. Akafuta vidole akasema, "Tulikuwa na kichwa kimoja, Nyaboke, mimi na wewe. Mimi nilihamishwa nacho tu." Niliingia jikoni nikakanda unga ambao ulikuwa umeshakandwa.

Sasa nirudi kwenye sherehe. Siku hizi mtihani ule wetu haupo, wamebadilisha mitaala, vitabu vina picha za rangi. Lakini baada ya hotuba, wanafunzi wa sasa walisimamishwa kutumbuiza wageni, na walichotumbuiza nacho kilikuwa maswali na majibu kwa sauti moja, Tarumbeta akiwaongoza kwa kidole huku blanketi likimteleza begani. Wageni wakasema, sikia watoto. Nilishindwa kukaa. Nikaenda nyuma ya madarasa kukusanya sufuria. Kwenye ngazi ya lile darasa letu la mwisho alikuwa amekaa msichana, peke yake, kitabu kimefungwa mapajani na kidole katikati ya kurasa. Macho yamefungwa. Midomo inacheza. Nilisimama na sufuria mkononi. Halafu nikasikia sauti ile, bila kipaza sauti, ikija kutoka upande wa choo: "Wewe! Siku yangu kama hii, wenzako wanaimba, na wewe unalala?"

Msichana akaruka, kitabu kikaanguka. Akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Ninalijua koo lile.

"Halali," nikasema. "Anasoma, Mwalimu."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka wapishi wakageuka. Tarumbeta akanitazama, akatazama na sufuria. Hakunijua. Akasema kwa upole, kama mgeni rasmi, "Na wewe ni nani, mama?" Nikasema, "Mimi ni Nyaboke. Kama huamini, muulize yeye alichokuwa anasoma. Mimi hukuniuliza." Kisha akavuta blanketi lake juu, akasema wageni wanamngoja, akaenda. Hakumuuliza. Kwa hiyo mimi nikaweka sufuria chini, nikaokota kile kitabu, nikakifunika kwa leso yangu. "Haya," nikamwambia, "sema." Alisema vitu vinne, akakwama, akaniangalia kwa hofu. Nikamwambia, "Ni vizuri. Hapo ulipokwama ndipo tutaanzia."

Ninyi mliosoma mpaka hapa, nina ombi. Igeuzeni karatasi hii uso chini. Kaeni siku mbili tatu, fanyeni kazi zenu, laleni vizuri. Kisha chukueni kalamu mniandikie mnachokumbuka, bila kuchungulia, na mkikwama semeni mmekwama wapi. Mniambie pia nani alipata kuwaambia kwamba kichwa ndicho hakuna. Mwandiko wowote nitausoma. Ninasoma polepole, lakini ninachokisoma sasa hakinitoki.